Highlander ya haibridi: nani inamfaa, nani aiache

Mtoto wa tatu akishazaliwa, sedani imekwisha kazi yake. Viti vitatu vya watoto havikai sambamba nyuma ya Camry bila mieleka, na Marekani mtoto hapakatwi garini. Ongeza bibi aliyekuja kusalimia wajukuu kwa miezi kadhaa, ongeza gunia la mchele na ndoo ya mafuta kutoka duka la jumla, na mazungumzo ya mezani yanahamia kwenye gari la safu tatu. Columbus, Minneapolis, Dallas, kokote walipo watu wetu, jina linalotajwa kwanza ni Toyota Highlander.

Haishangazi. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba Toyota haimtupi mtu njiani. Aliyetoka Nairobi au Dar es Salaam anaijua Highlander kwa jina la Kluger, kama ilivyoitwa Japani. Ila Kluger zilizojaa kule ni za kizazi cha kwanza, na Japani iliacha kuziuza mwaka 2007. Kizazi cha nne, kilichoanza na modeli ya 2020 na kuundwa Princeton, Indiana, ni gari jingine kabisa. Sifa za Kluger ya mjomba hazitoshi kukufanya utoe pesa.

Modeli za 2020 hadi 2022 zilikuja na injini ya V6 ya lita 3.5 yenye nguvu farasi 295. Kuanzia 2023 hiyo V6 iliondolewa, ikawekwa injini ya silinda nne ya lita 2.4 yenye tabo, nguvu farasi 265. Miaka yote hiyo kumekuwa na haibridi pia: injini ya lita 2.5 ikisaidiwa na mota za umeme, jumla nguvu farasi 243. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, V6 ya magurudumu mawili huenda wastani wa maili 24 kwa galoni, yenye tabo 25, na haibridi 36. Ukiichukua haibridi ya magurudumu manne unapoteza maili moja tu.

Tupige hesabu. Familia inayotembea maili 12,000 kwa mwaka itachoma galoni 500 kwa V6, na galoni 333 kwa haibridi. Galoni ikiwa dola 3.30, tofauti ni dola 550 kwa mwaka. Muuzaji akidai dola 2,500 zaidi kwa sababu ya neno haibridi, zitarudi baada ya miaka minne na nusu hivi. Anayefanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, akizunguka nyumba tano kwa siku, atazirudisha mapema zaidi, kwa sababu haibridi hupata faida yake kubwa mjini, kwenye kusimama na kuondoka. Anayeendesha barabara kuu tu, kwa mwendo wa maili 75 kwa saa, asitarajie miujiza.

Angalia mwaka vizuri. Haibridi za 2019 kurudi nyuma zilitumia V6 na hazizidi maili 29 kwa galoni. Nembo ubavuni ni ile ile, na wauzaji wengine hawana haraka ya kukueleza tofauti.

Barabarani ni gari tulivu. Taa ikiwaka kijani linaondoka kimya kwa umeme, na ukikanyaga breki sehemu ya nguvu inarudi kwenye betri, ndiyo maana breki za haibridi hudumu. Udhaifu wake unausikia unapopanda mlima au unapoingia barabara kuu ukiwa umejaza watu: injini inalia kwa sauti moja ndefu, kama inayolalamika, kubwa kuliko mwendo unaouona. Si ubovu, ndivyo lilivyo. Ya magurudumu manne haina shafti ya kwenda nyuma. Magurudumu ya nyuma yana mota yao ya umeme. Kwa theluji ya Minnesota inatosha, lakini msaada wake ni wa kuondoka. Kusimama kunategemea tairi, kwa hiyo kama bajeti inaruhusu kimoja, afadhali tairi nzuri za baridi kuliko magurudumu manne.

Wengi wanaogopa betri. Kuanzia modeli ya 2020, Toyota inaidhamini kwa miaka 10 au maili 150,000, kitakachotangulia, na dhamana hiyo inahama na gari likiuzwa. Kinachohitaji jicho ni kidogo zaidi. Betri iko chini ya kiti cha safu ya pili, na hupozwa kwa hewa inayovutwa kupitia matundu yaliyo hapo hapo chini ya kiti, karibu na miguu ya watoto. Makombo ya sambusa, vumbi la zulia, blanketi lililosukumwa chini, vyote huziba chujio. Mnunuzi wa gari lililotumika apige magoti na kurunzi aangalie hayo matundu. Yakiwa na utando wa uchafu, amejua lilivyotunzwa.

Sasa tuje safu ya tatu, ambako ndoto nyingi huishia. Sakafu iko juu na kiti kiko chini, kwa hiyo mtu mzima anakaa magoti yakielekea kidevuni. Mtoto wa miaka minane anafurahi huko nyuma. Mjomba mwenye mwili ataomba kushuka kituo cha kwanza cha mafuta. Tena viti hivyo vikiwa vimesimama, buti inabaki na futi za ujazo 16. Hapo yanaingia masanduku mawili makubwa yaliyosimamishwa, labda na begi la mgongoni. Familia ya watano inayokwenda kusalimia nyumbani ikiwa na masanduku mawili kila mtu itahitaji gari la pili hadi uwanja wa ndege. Ukilaza safu ya tatu unapata futi 48.4, ambayo ni nafasi ya maana, lakini umerudi kwenye gari la watu watano.

Hapa nitasema neno ambalo kina baba wengi hawapendi kulisikia. Toyota Sienna, ile "basi ndogo" inayodharauliwa kuwa ni gari la akina mama, inatoka kiwanda hicho hicho cha Princeton. Tangu modeli ya 2021 zote ni haibridi, nayo huenda maili 36 kwa galoni, na nyuma ya safu ya tatu inabaki na futi za ujazo 33.5. Milango inateleza, mtoto hagongi gari la jirani, na bibi anaingia bila kuinua mguu hadi kiunoni. Kwa familia ya watu sita au saba sioni hoja ya kuikataa isipokuwa majivuno. Asiyeweza kabisa kuonekana ndani ya basi ndogo atazame Grand Highlander, iliyoanza na modeli ya 2024. Buti yake ina futi 20.6 safu zote zikiwa zimesimama.

Kia Telluride nayo ina watetezi, na safu yake ya tatu ina nafasi kubwa kuliko ya Highlander. Ila haina haibridi katika modeli za 2020 hadi 2025, na ile dhamana maarufu ya injini ya miaka 10 au maili 100,000 ni ya mnunuzi wa kwanza. Wa pili anabaki na miaka 5 au maili 60,000, isipokuwa gari limeuzwa likiwa limethibitishwa na kampuni yenyewe.

Lakini pesa nyingi haziendi kwenye gari. Zinaendea mezani, kwa mtu wa mikopo. Swali lake la kwanza ni "unataka kulipa kiasi gani kwa mwezi?" Usilijibu. Chukua mkopo wa dola 30,000. Kwa riba ya asilimia 7 na miezi 60, unalipa dola 594 kwa mwezi, jumla kama 35,640. Mgeni asiye na historia ya mikopo anapewa asilimia 14 kwa miezi 84: dola 562 kwa mwezi. Anatoka akitabasamu kwamba amelipa pungufu ya rafiki yake, kumbe jumla yake ni dola 47,200 na zaidi. Gari lile lile, karibu dola 11,600 zaidi. Bei ya gari ijadiliwe peke yake, kisha riba, kisha muda. Kabla ya kwenda yadi, pita kwenye credit union, ambazo zinafanya kazi kama SACCO za nyumbani, upate barua ya mkopo mkononi ili yadi ishindane nayo. Wanaokwepa riba kwa imani yao hununua taslimu kwa pesa za upatu, na kwao V6 ya 2017 hadi 2019 iliyotunzwa bado ni gari la heshima.

Kwa gari lililotumika, sheria ya serikali kuu inamtaka muuzaji abandike karatasi ya Buyers Guide. Kisanduku cha "As Is" kikiwa na alama, likifa ukitoka getini ni lako. Wengi wanaamini wana siku tatu za kurudisha gari. Sheria ya serikali kuu haitoi haki hiyo kwa gari lililonunuliwa yadi. Namba ya chasisi, herufi na tarakimu 17, itafutwe kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya serikali kuu ya usalama barabarani, kuona kama kuna marekebisho ya kiwanda ambayo hayajafanywa, ni bure. Majimbo ya theluji, chungulia kutu chini. Hati yenye neno "salvage" au "rebuilt", achana nayo hata bei iwe tamu. Na kioo cha mbele kikiwa na ufa, jua kwamba kamera ya breki za dharura iko nyuma yake. Kukibadilisha kunataka kuipanga upya kamera, na bili yake si ya kioo peke yake.

Anayewaza kulisafirisha baadaye nyumbani Kenya asahau: usukani uko kushoto, na kule hayasajiliwi magari ya hivyo kwa matumizi ya kawaida.

Kwa familia ya wanne au watano inayobeba wageni mara moja moja, Highlander ya haibridi ya 2021 au 2022, yenye rekodi za huduma, ndiyo ninayoipendekeza. Sita na kuendelea, nunueni Sienna. Na lolote utakalonunua, kabla ya kutia saini mlipe fundi asiyehusiana na yadi aliinue gari na kulikagua; muuzaji akikataa, ondoka.