Mbwa Mnene na Kongosho
Mbwa wa vijijini Kasulu na Kibondo hula makombo ya ugali na maharage, kisha huyateketeza kwa kulinda mashamba na kufuatana na bwana zao porini. Afungwaye uani mchana kutwa, akilishwa mafuta ya nyama, hupata nguvu asizozitumia, nazo hugeuka shahamu hata mbavu zisipapasike. Shahamu hiyo hudhoofisha kazi ya insulini, homoni ya kongosho. (Siri ya kongosho yenyewe ilifunuliwa kwa mbwa: mwaka 1889, huko Strasbourg, Minkowski na von Mering walimwondolea mbwa kiungo hicho, naye akapatwa na kisukari.) Hata hivyo, mbwa mnene huugua viungo na pumzi kuliko kisukari. Katika jaribio lililotangazwa Marekani mwaka 2002, mbwa waliopunguziwa chakula kwa robo waliishi karibu miaka 2 zaidi ya ndugu zao wa uzazi mmoja.