Mbona tokeni ya saluni yako inaisha haraka?

Uko na saluni Riruta, unanunua tokeni ya 500, jirani naye 500, lakini yeye anapata uniti nyingi. Si lazima mita iwe mbovu. Kenya Power huangalia wastani wa uniti zako za miezi 3. Biashara ndogo hadi uniti 30 kwa mwezi ina bei ya chini, 31 hadi 100 ya kati, ukipita 100 ya juu, na ni kwa kila uniti.

Fungua meseji za tokeni, jumlisha uniti za miezi 3, gawa kwa 3. Ukipata 104, uniti 4 tu ndizo zinakuumiza! Punguza draya kidogo. Kama nyumba nayo imeunganishwa hapo, uliza gharama ya mita yake.