Maji ya kijani ni chakula: namna ya kulisha kiziba cha samaki



Muhindi ukikosa mbolea, majani yanageuka manjano na mavuno yanapungua. Kiziba cha samaki ni vilevile. Maji yakiwa meupe, unaona mpaka chini, wengi wanasema: «Maji ni safi.» Kumbe maji hayo yana njaa, na samaki hawakui.

Ndani ya maji mnaota mimea midogo sana, inayoitwa fitoplanktoni. Jicho haliwezi kuona mmoja mmoja, lakini ikiwa mingi, maji yanakuwa kijani. Tilapia anaikula, na vidudu vya maji vinavyoliwa na samaki vinaikula pia. Inahitaji jua, naitrojeni na fosforasi, vitu vilevile vinavyokuza muhindi.

Ziwa Tanganyika ni mfano. Wakati wa kiangazi, mwezi wa 5 mpaka wa 9, upepo wa kusini unasukuma maji ya juu, na maji ya chini yenye rutuba yanapanda. Mimea inaongezeka, na ndagala wanapata chakula. Kwenye kiziba chetu, kazi hiyo ya kuleta rutuba ni yetu wenyewe.

Namna ya kufanya

Zungushia pembe ya kiziba kwa miti au mianzi, kadiri ya sehemu moja juu ya kumi. Weka humo majani mabichi, taka za jikoni na mavi ya mbuzi au ya kuku, kisha koroga kila baada ya siku chache. Kama unatumia mavi makavu ya kuku peke yake, anza na kilo 2 kwa wiki kwa kila ari moja (mita 10 kwa 10).

Usiache maji yapite usiku na mchana, maana yanaondoka na mbolea. Ingiza tu ya kujaza yale yaliyopungua.

Pima kwa mkono

Nyoosha mkono ndani ya maji, polepole. Kiganja kikipotea machoni wakati maji yamefika kwenye kiwiko, ni vizuri. Kikionekana hata maji yakipita kiwiko, ongeza mbolea. Kikipotea mapema, acha kuweka. Lakini angalia rangi: maji mekundu ya udongo si chakula.

Hatari ya kuzidisha

Mchana mimea inatoa hewa ndani ya maji. Usiku inavuta hewa ileile ya samaki, na mbolea inayooza inavuta pia. Ikizidi, alfajiri hewa inaisha, na kiziba kizima kinaweza kufa usiku mmoja. Ukiona asubuhi samaki wako juu wakifungua midomo, simamisha mbolea na ingiza maji mapya mara moja. Siku za mawingu mengi, punguza.

Basi, mbolea kidogo kidogo, kila wiki, na mkono ndani ya maji kabla ya kuongeza.