Saratani ya mrija wa mkojo: Si kila mgonjwa hukatwa uume

Wanaume wengi wakiona damu kwenye mkojo husema ni kichocho. Mkojo ukitoka kwa shida, husema ni tezi dume au kovu la kisonono cha ujanani. Mara nyingi huwa hivyo. Lakini mara chache chanzo ni saratani ya mrija wa mkojo, yaani ile njia ya takriban sentimita 20 itokayo kwenye kibofu hadi nje.

Maradhi haya ni nadra, na huwapata zaidi watu wazima, hasa wenye makovu ya siku nyingi ndani ya mrija. Dalili zake ni damu kutoka hata bila kukojoa, mkojo kutoka kwa shida, uvimbe mgumu kwenye uume au msamba, na jipu au tundu linalovuja mkojo. Ikiwa umepanuliwa mrija mara kadhaa na unaziba tena upesi, mwombe daktari achukue kinyama kipimwe.

Wengi hujificha kwa kuogopa kukatwa uume. Uvimbe ukiwa sehemu ya mbele, mara nyingi daktari huweza kuondoa kipande kilichougua pamoja na nyama nzima kidogo pembeni yake. Kingo hupimwa kwa hadubini kuhakikisha saratani haikubaki, kisha hutengenezwa tundu jipya la mkojo.

Ukiwa umeenea, baadhi ya wagonjwa hupewa kwanza dawa za kuupunguza, ndipo wapasuliwe. Wengine hupewa mionzi pamoja na dawa ili kiungo kibaki. Hata hivyo mrija unaweza kuziba, na saratani inaweza kurudi, hivyo usikatishe kliniki. Ikishaingia kwenye nyama zinazosimamisha uume, mara nyingi kuukata hakuepukiki. Hapo uhai hutangulia.

Wapo wanaohofia swala. Mwenye mpira wa mkojo, au asiyeweza kuzuia mkojo, swala haimwondokei. Ajisafishe awezavyo, atie udhu baada ya wakati kuingia, kisha aswali. Penye utata amuulize sheikh wake.

Nawe mama, ukiona damu kwenye kikoi cha mumeo unapofua, usinyamaze. Mhimize aende hospitali, na amuulize daktari mambo matatu: uvimbe uko wapi, umeenea kiasi gani, na je, kiungo kinaweza kuokolewa? Haya ni katika imani, lakini haya isiyomfikisha mgonjwa kwa tabibu humdhuru.

Wabillahi tawfiq.