Pembe Iliyokuwa Kidole Gumba



Si lazima msafiri avuke bahari ili aone maajabu. Kusini-mashariki mwa London, katika bustani ya Crystal Palace, zimo sanamu za wanyama wa ajabu baina ya miti na maji, kana kwamba mtu ameingia katika ndoto ya mwenzake. Jumapili moja niliwapeleka wanangu huko pamoja na bibi yao. Mama alisita njiani. "Mwanangu, masanamu haya ni ya nini?" Nikamweleza kwamba hayakuwekwa yaabudiwe, bali yafundishe. Akaketi kwenye benchi, akasema atatutazama kwa mbali.

Sanamu hizo, zipatazo thelathini, ziliundwa na Benjamin Waterhouse Hawkins kwa matofali, chuma na saruji, na watu wakaanza kuzitazama mwaka 1854. Jumba kubwa la vioo lililoipa bustani jina lake liliteketea mwaka 1936, sanamu zimebaki. Ndilo jaribio la kwanza duniani la kuwaonyesha watu dinosaria kwa ukubwa wao kamili.

Lakini wataalamu wa siku zile walikuwa na vipande vichache tu vya mifupa. Palipopungua wakajaza kwa kukisia. Mnyama aitwaye Iguanodon wakamwekea pembe puani. Mwaka 1878 wachimba makaa ya mawe wa Bernissart, Ubelgiji, walifukua mifupa ya wanyama hao karibu kamili. Ikabainika kuwa pembe ile ni kidole gumba!

Wanangu walicheka sana. Kisha mdogo akaniuliza, "Baba, na kwetu walikuwapo? Kitabuni Afrika ina simba na twiga tu."

Naam, walikuwapo. Katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walichimba mifupa yao kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, muda mfupi baada ya Vita vya Maji Maji. Lakini jembe lilishikwa na mamia ya watu wa kwetu, na wapagazi wakaichukua mifupa kwa miguu, siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, hodari wa kuitambua na kuisafisha mifupa hiyo. Mmoja wa wanyama hao amesimama leo katika makumbusho ya Berlin, kimo chake kikizidi mita 13. Waingereza nao walichimba hapo kati ya 1924 na 1931, wakaleta mifupa hapa hapa London. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kitaalamu Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti.

Ndugu wazazi, watoto wetu huku ugenini hupewa historia yao vipande vipande, nasi tukinyamaza watajaza wenyewe kwa kukisia. Hapo ndipo kidole gumba kinapopachikwa puani. Tuwapeleke bustanini wacheke na kushangaa, kisha tuwasimulie yaliyosalia.

Tulipokuwa ndani ya basi tukirejea, mdogo alimtajia bibi yake jina lile, Boheti bin Amrani, taratibu asije akalikosea. Mama akainua mikono, akamwombea marehemu rehema.

Wassalaam.