ADABU YA KUNUKUU MANENO YA MWENZIO

Ndugu Wanachama,

Siku hizi mashauri mengi ya wakulima wa karafuu hupita katika barua pepe na makundi ya simu kabla ya kufika mkutanoni. Jambo hilo ni jema, kwa kuwa mtu wa Wete, wa Mkoani na wa Unguja huweza kushauriana siku moja bila ya kupanda chombo. Lakini mazungumzo ya maandishi yana adabu zake, na mojawapo ni ya kunukuu yaliyokwisha kuandikwa. Twaona yafaa tuieleze, maana nukuu mbovu yaweza kumvunjia mtu heshima yake.

Tutoe mfano. Mwanachama aandika: "Hatuuzi kwa magendo, hata kama bei yake ni nzuri." Mwenziwe ajibu kwa kunukuu mwisho tu, "bei yake ni nzuri," kisha amkaripia. Wanaofuata hawarudi kuitafuta barua ya kwanza; wao waiona nukuu. Basi aliyekataza magendo ageuka kuwa mwenye kuyasifu, na magendo ya karafuu ni kosa mbele ya sheria. Halikubadilishwa hata neno moja, yalikatwa tu.

Hatari hii si ngeni kwetu. Vyuoni tulifundishwa kuwa aya ya 43 ya Suratun-Nisaa yakataza watu kuikaribia sala hali wamelewa, na kwamba mwenye kuishia njiani huifanya kama yaikataza sala yenyewe. Naye Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, hakuipokea hadithi bila ya kuchungua nani kaisikia kwa nani. Ikiwa wanavyuoni walijikalifisha hivyo, sisi twashindwa na nini kutaja jina na tarehe?

Upande wa pili kuna kunukuu kupita kiasi. Programu nyingi za barua pepe hupachika barua ya zamani yote chini ya jibu. Barua ya kumi huburura tisa zilizotangulia, na neno "Nakubali" hupotea kama punje moja ya karafuu ndani ya gunia la makonyo. Mwezi wa Oktoba 1995, Sally Hambridge alitoa mwongozo wa adabu za intaneti, uitwao RFC 1855. Humo anayejibu ashauriwa aifupishe barua ya kwanza, au anukuu kiasi cha kumwelewesha msomaji, wala asiirudishe yote.

Wako pia wasionukuu kabisa. Tuseme mwanachama yuko kazini Chonyonyo, huko Karagwe, katika nchi ya kahawa na migomba. Afungua simu usiku akuta: "Ndiyo, yapelekwe kesho." Hajui ni magunia, ni majamvi, ama ni makonyo. Shamba lake liko huku, na kesho yenyewe imekwisha karibia.

Kwa hiyo twashauri haya:

1. Mtaje msemaji kwa jina, na siku aliyoandika.

2. Nukuu sentensi nzima unayoijibu. Ukiruka maneno, weka nukta tatu, lakini usiruke kamwe neno la kukanusha wala la sharti, kama "si," "ila" au "hata kama."

3. Weka jibu lako chini ya nukuu, na uyatenge maneno yake na yako kwa alama za kunukuu, au kwa kile kimshale (>) cha mwanzo wa mstari.

4. Barua uliyoandikiwa peke yako usiitoe mbele ya wote ila kwa idhini ya mwenyewe.

Kabla ya kuipeleka, isome nukuu kama kwamba wewe ndiye uliyenukuliwa. Ukiona usingeridhika nayo, irekebishe. Neno la mwenzio ni amana mkononi mwako.

Wasalaam,
Katibu