Mndimu wenye majani mengi, maua hakuna

Ndugu wanashirika, tukipita Nyamianda na mitaa ya jirani, lalamiko moja linarudi kila mara: "Maji naupatiaka kila siku, mbolea naupatiaka, majani ni mengi, lakini maua njo hakuna." Kisha mtu anaomba dawa. Mara nyingi dawa haihitajiki. Mndimu wake umeshiba kupita kiasi, na mti ulioshiba hauna haraka ya kuzaa.

Mndimu ukipata maji bila kukoma unatumia nguvu zake kuongeza matawi na majani. Ukipata kiu kwa majuma kadhaa, unaacha kukua, unaweka akiba katika matawi, na macho ya matawi yanajitayarisha kuwa maua. Maji yakirudi, maua yanafunguka. Wenzetu wenye kahawa kule mlimani wanalijua hilo vizuri. Kahawa inakaa kavu kiangazi chote, mvua moja nzuri inanyesha, na baada ya siku kama 8 hadi 12 shamba zima ni jeupe na linanukia. Mndimu unafuata njia hiyo hiyo, ila wenyewe unachelewa: hesabu majuma matatu au manne tangu maji yaliporudi.

Huku kwetu kando ya ziwa, kiangazi kinaanza mwezi wa 6 na kufika mwezi wa 9. Miti isiyomwagiliwa inapata kiu bila mtu kupanga. Mvua ikirudi, yote inatoa maua pamoja, ndimu zinakomaa pamoja, soko linajaa na bei inaanguka. Mwenye maji karibu ndiye anayeweza kutangulia wengine. Bahati mbaya, ndiye huyo huyo anayemwagilia kiangazi chote ili parseli ibaki ya kijani, na mwishoni anakosa maua.

Jaribu hivi. Mwanzoni mwa mwezi wa 6, ndimu zikiisha kuvunwa, acha kabisa kumwagilia. Kwenye mchanga, majuma matatu au manne yanatosha. Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi inaweza kuchukua sita au zaidi. Angalia majani. Yakijikunja mchana na kufunguka usiku, endelea. Yakibaki yamejikunja hata asubuhi, mwagilia siku hiyo hiyo, kwa sababu mti ukiangusha majani yote umeuumiza. Mche wenye chini ya miaka mitatu usiupatie kiu hata kidogo. Na mti wenye ndimu changa nyingi uache kwanza, maana kiu itaziangusha.

Ukirudisha maji, rudisha kweli. Mti mkubwa unataka bidoni tatu au nne za lita 20 kwa mara moja, uzimwage kuzunguka chini ya matawi, si kwenye shina. Rudia kila baada ya siku tatu au nne, mpaka mvua ishike. Hapa tuseme wazi: ukikatisha maji wakati ndimu ni ndogo kama punje ya choroko, zitaanguka, na kazi yote imepotea. Kwa hiyo anayebeba maji kichwani ahesabu kwanza. Bidoni nne mara mbili kwa juma, kwa miezi miwili, ni mzigo mkubwa, na mara nyingi wanaoubeba ni mama na watoto. Anza na miti miwili, usianze na kumi. Maji ya kusuuzia vyombo yanafaa pia.

Faida yake ni hii: ndimu ndogo za ganda laini zinakomaa kwa miezi mitano hivi. Maua yakitoka mwishoni mwa mwezi wa 8, unavuna kabla soko halijajaa ndimu za wale waliongoja mvua. Limau kubwa la ganda nene linachukua miezi saba hadi tisa, basi usitegemee haraka hiyo.

Kuna miti ambayo hata kiu haitaisaidia. Mndimu ulio chini ya mwembe hautoi maua ya maana. Unataka jua la saa sita kwa siku. Mbolea ya kuku ikiwekwa nyingi inaleta majani tu. Weka samadi iliyooza vizuri wakati maji yanarudi, si wakati wa kiu. Majivu kidogo sawa, lakini ukimwaga ndoo nzima majani yanageuka manjano.

Halafu kuna panga. Mimi mwenyewe mwaka mmoja nilipunguza ukingo wangu wote wa mindimu mwezi wa 9, ili parseli ionekane safi kabla ya mvua. Ulipendeza sana, na sikupata ndimu. Maua yanatoka kwenye machipukizi mapya ya matawi ya msimu uliopita, na mimi nilikuwa nimeyakata ncha zote. Kata mara tu baada ya mavuno. Wakati wowote mwingine ondoa tu matawi makavu, na yale marefu yaliyonyooka yanayotoka chini ya shina. Asumini ya mlangoni nayo ipunguze ikimaliza kutoa maua, uiweke juani, usiizidishie mbolea.

Kwa walio karibu na ufuko: mizizi ya mndimu haivumilii maji yaliyosimama. Ziwa lilipopanda mwaka 2021, na tena 2024, tuliona tofauti kati ya kiu na kuzama. Mti wenye kiu unapona. Uliozama mizizi unakuwa manjano polepole na kufa. Ukipanda upya, inua tuta la nusu mita, na tafuta mche wa grefe. Wa mbegu unaweza kukungojesha miaka mitano au zaidi.

Maua yakifunguka, usipige dawa ya wadudu, utaua nyuki. Wadudu weusi wa kwenye machipukizi waoshe jioni kwa maji ya sabuni. Na asubuhi ukikuta chini pameupe kwa maua yaliyoanguka, usishtuke. Katika maua 100, yakibaki matano kuwa ndimu, mti umefanya kazi yake.